Kuhamia Uingereza kama mwalimu wa lugha za kigeni: anza na barua, viza baadaye

Mwezi uliopita nilikaa jioni nne mfululizo na mwalimu mwenzangu wa Kifaransa tukijaza maombi yake ya kwenda kufundisha Uingereza. Njia hiyo niliipita kabla yake, na sote wawili tulikwama mahali pamoja. Wengi huogopa viza na usaili, lakini kilichotutesa ni karatasi moja ambayo hakuna aliyetuambia iombwe vipi. Ndiyo maana hatua ya pili hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kifaransa, Kihispania, Kijerumani au lugha nyingine ya kigeni, mwenye shahada na mafunzo ya ualimu, anayelenga sekondari za England. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zake za kusajili walimu, kwa hiyo usizichanganye.

Hatua ya 1: Amua kuhusu QTS

QTS ni hadhi ya mwalimu aliyefikia viwango vya England. Aliyesomea ualimu nje anaweza kufundisha hadi miaka 4 bila hiyo katika shule za serikali, na wapo watakaokushauri uanze hivyo. Mimi sikushauri. Ngazi ya mshahara ya wasio na QTS iko chini, na miaka 4 huisha upesi ukiwa na madaftari ya kusahihisha. Omba kabla hujaondoka. Maombi hufanywa mtandaoni na ni bure. Huduma hiyo ilifunguliwa Februari 2023, na kwa nchi kadhaa ilianza na walimu wa lugha, hisabati na sayansi tu, kwa sababu ndio waliokuwa wakitafutwa.

Utahitaji shahada inayolingana na ya Uingereza, mafunzo ya ualimu yasiyopungua mwaka mmoja wa masomo, na angalau mwaka mmoja wa kufundisha baada ya kuhitimu. Na kitu cha nne.

Hatua ya 2: Barua ya kuthibitisha hadhi yako ya ualimu

Hiki ndicho cha nne. Wanaopitia maombi ya QTS wanataka mamlaka inayosimamia walimu katika nchi uliyosomea ualimu iseme kwamba inakutambua na haijakuwekea kizuizi. Baadhi ya mamlaka zina daftari la walimu mtandaoni. Kama yako inalo, unatoa namba ya usajili na mambo yanakwenda. Nyingine hutoa barua, na barua hiyo inaweza kula miezi.

Shida ni hii: ukifika dirishani ukaomba barua ya utambulisho, utapewa hiyo hiyo uliyoomba. Fulani ni mwalimu wetu tangu mwaka fulani, apewe ushirikiano. Mwenzangu alirudi na barua ya namna hiyo mara mbili. Ilikuwa na mhuri uliokolea na saini ya wino wa bluu, lakini haikugusa suala la nidhamu hata kwa neno moja. Barua inayotakiwa itaje mambo haya waziwazi: majina yako kamili na tarehe ya kuzaliwa, kwamba umehitimu na unaruhusiwa kufundisha katika shule za serikali, masomo uliyosomea kufundisha na umri wa wanafunzi, na kwamba hujasimamishwa, hujafutiwa usajili wala kuwekewa sharti lolote.

Safari ya tatu tuliandika rasimu wenyewe, aya nne fupi, tukampelekea ofisa husika na kumwomba kwa heshima aiweke kwenye karatasi ya ofisi kama anaona ni kweli. Ilitoka baada ya siku tatu. Peleka rasimu siku ya kwanza. Ofisa hakatai kusaidia, ila hajawahi kuona kinachotakiwa.

Kuhusu umri, usikubali neno "sekondari" pekee. Sekondari huanza na umri tofauti katika kila nchi, na anayesoma faili lako hatakisia. Iandikwe kwa tarakimu, kwa mfano miaka 11 hadi 16. Kama ulisomea kufundisha watu wazima au chuoni tu, simama hapa uulize kabla ya kuendelea, kwa sababu QTS inaangalia mafunzo yanayogusa umri wa miaka 5 hadi 16.

Kisha majina. Shahada ya mwenzangu ina majina matatu, pasipoti ina mawili, na jina la baba limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti cha ualimu. Kwetu sisi ni mtu yuleyule. Kwa anayesoma kutoka mbali ni watu watatu. Rekebisha hili kabla ya kuomba barua: kiapo cha majina mbele ya wakili, au cheti cha ndoa kama jina lilibadilika kwa ndoa, halafu barua itumie jina la pasipoti na kutaja jina la zamani. Ukifanya kinyume, utaiomba barua upya, kama tulivyolazimika.

Usiiombe mapema mno pia. Barua hutakiwa iwe ya karibuni, kwa hiyo tayarisha kila kitu kingine kwanza, yenyewe iwe ya mwisho kuingia kwenye faili.

Kuna na wadhamini wa uzoefu wako, yaani watu wa kuthibitisha kwamba ulifundisha. Mfumo wenyewe humtumia mwalimu mkuu barua pepe yenye kiungo cha kujibu maswali. Wangu alikuwa amestaafu, na ujumbe ukalala wiki kadhaa kwenye kasha la barua taka huku mimi nikisubiri kwa amani nikidhani wanalifanyia kazi faili langu. Mpigie mdhamini simu siku unayotuma maombi, mwambie ujumbe unakuja, kisha mpigie tena baada ya siku mbili. Tumia anwani ya shule, si ya binafsi.

Hati zisizo za Kiingereza zitafsiriwe na mtaalamu atakayeandika kwamba tafsiri ni sahihi, aweke jina, saini, tarehe na mawasiliano yake. Na tafadhali tumia skana halisi. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono juu ya mhuri imewarudisha watu wengi nyuma.

Hatua ya 3: Kiingereza

Kama hukusoma shahada kwa Kiingereza, fanya mtihani. Idara ya uhamiaji inakubali mitihani iliyoidhinishwa tu, kwa hiyo kama ni IELTS chagua ile yenye jina la UKVI (kitengo cha viza na uhamiaji cha Uingereza), si ya kawaida, hata kama maswali yanafanana. Lenga ngazi ya B2, yaani ya juu ya kati, katika stadi zote nne: kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Matokeo hudumu miaka 2.

Hatua ya 4: Tafuta shule yenye leseni ya kudhamini

Viza utakayoomba ni Skilled Worker, yaani ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na huwezi kuiomba bila mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje. Serikali huchapisha orodha ya waajiri wote wenye leseni, nayo ni faili la jedwali unaloweza kupakua na kutafuta ndani yake. Mtego ni kwamba shule nyingi ziko chini ya asasi inayomiliki shule kadhaa, na leseni iko kwa jina la asasi. Usipoliona jina la shule, shuka chini kabisa ya tovuti yake usome jina la mmiliki, kisha tafuta hilo.

Nafasi tafuta kwenye Teaching Vacancies, tovuti ya serikali isiyo na malipo. Mawakala wanaodai ada ya kukutafutia kazi waepuke kabisa. Nchini Uingereza ni kosa kisheria kumtoza mtafuta kazi ada hiyo.

Kalenda nayo ina maana. Walimu wa huko hutoa taarifa ya kuacha kazi kufikia 31 Oktoba, mwisho wa Februari au 31 Mei. Nafasi za Septemba humiminika kati ya Februari na Mei. Ukianza kutafuta Julai, utakuta makombo.

Hatua ya 5: Somo la majaribio

Utaombwa kufundisha kipindi kifupi, mara nyingi kwa video ukiwa mbali. Usilete sarufi ya kuandika ubaoni. Mtihani mpya wa GCSE (mtihani ambao wanafunzi wa huko hufanya wakiwa na miaka 16 hivi) wa Kifaransa, Kijerumani na Kihispania ulianza kufundishwa Septemba 2024. Umejengwa juu ya orodha ya msamiati: maneno 1,200 kwa ngazi ya chini na 1,700 kwa ngazi ya juu, pamoja na imla na kusoma kwa sauti. Mwenzangu alichukua maneno manane ya Kifaransa kutoka orodha hiyo, akawatamkisha wanafunzi sauti ya "ou" na "u" wakiangalia midomo yake kwenye skrini, kisha akawasomea imla ya sentensi tatu. Dakika 20 zikaisha wanafunzi wakisahihishana wenyewe. Mkuu wa idara alimuuliza swali moja tu: unaweza kuanza lini?

Jiandae pia kwa maswali ya usalama wa watoto. Watakuuliza ungefanya nini mwanafunzi akikueleza siri inayotisha. Usiahidi kuitunza. Mwambie mtoto kwamba utamweleza anayehusika, andika maneno yake kama alivyoyasema, na upeleke taarifa siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Viza

Shule ikishakupa namba ya cheti cha udhamini, una miezi 3 ya kuomba. Ada ya afya, ya kutumia huduma za afya za serikali, ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na hulipwa yote mwanzoni. Kwa viza ya miaka 3 ni pauni 3,105, mbali na ada ya viza yenyewe. Ulizia shule mapema kama itachangia.

Benki ionyeshe pauni 1,270 kwa siku 28 mfululizo, isipokuwa shule imethibitisha kwenye cheti kwamba itakutunza mwezi wa kwanza. Salio likishuka hata siku moja, hesabu inaanza upya, kwa hiyo zitenge kwenye akaunti usiyoigusa.

Mwalimu hutakiwa pia cheti cha polisi kutoka kila nchi aliyoishi miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita akiwa mtu mzima. Kama uliwahi kusoma nje, anza na nchi hiyo, kwa maana ndiyo itakayochelewa. Kipimo cha kifua kikuu, kwa nchi zinazohusika, hudumu miezi 6.

Hatua ya 7: Kufika

Viza sasa ni ya kidijitali. Fungua akaunti ya UKVI, hakikisha namba ya pasipoti ni sahihi, na ukibadilisha pasipoti iongeze humo kabla ya kusafiri. Vyeti halisi viweke kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege, maana ofisi ya shule itataka kuviona kwa macho kabla hujaingia darasani.