Kupaka ngozi nyeusi na ya maji ya kunde kwa maka za alkoholi kwenye kadi

Wino wa maka za alkoholi, yaani kalamu za rangi ambazo wino wake umeyeyushwa kwa alkoholi, ni kama chai ya rangi: hauna maziwa. Weupe wote unatoka kwenye karatasi iliyo chini, na ukishaufunika huwezi kuurudisha kwa kupaka rangi nyepesi juu. Ndiyo maana uso wa mtu mweusi hauanzi na kahawia nzito, na kivuli chake hakitafutwi kwa maka nyeusi wala ya kijivu. Kijivu juu ya kahawia huleta ngozi iliyopauka, kama ya mtoto aliyetoka kuoga akakimbia kabla ya kupakwa mafuta.

Karatasi

Hapa ndipo kadi nyingi huharibikia, kabla hata maka haijafunguliwa. Tafuta karatasi nyeupe, laini, isiyo na nakshi wala kung'aa, ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Manila nyingi za dukani hufyonza kupita kiasi na wino hutambaa nje ya mstari. Karatasi ya picha nayo haifyonzi kabisa, wino unaelea juu na kufutika kwa kidole. Kuipima ni rahisi. Chora duara la ukubwa wa shilingi, lijaze rangi mikono miwili, yaani ulipake mara mbili, subiri dakika tano. Rangi ikivuka mstari, hiyo karatasi itumie kutengenezea bahasha.

Hata karatasi nzuri hupitisha wino upande wa nyuma. Kwa hiyo usipake moja kwa moja kwenye kadi iliyokunjwa. Paka kwenye kipande chake, tandika karatasi chakavu chini, kisha kibandike kwa selotepu ya pande mbili. Gundi ya maji hukunja karatasi.

Mistari

Bikipeni huyeyuka ikiguswa na alkoholi na uso wote unachafuka. Tumia mhuri wa picha wenye wino wa maji, kama Memento, au kalamu ya wino wa pigmenti kama Pigma Micron, na uache mistari ikauke kabisa. Fotokopi pia inafaa. Copic, maka za Kijapani zilizotoka mwaka 1987, zimepata jina lao kwenye kunakili, kwa Kiingereza copy, kwa sababu wino wake ulikusudiwa kupita juu ya fotokopi bila kuyeyusha unga mweusi wa mashine. Hata hivyo jaribu pembeni kwanza, maana kuna mashine ambazo unga wake haushiki vizuri.

Rangi

Maka tatu za familia moja zinatosha uso mmoja. Kwenye Copic, herufi E ni rangi za udongo, na tarakimu ya mwisho ikikua rangi inakuwa nzito. Mtu mweusi: E25, E27, E29. Maji ya kunde: E33, E35, E37. Yule tunayemwita mweupe mtaani: E11, E13, E15. Kampuni nyingine zina namba zao, na rangi ya kifuniko haiaminiki kwa yeyote. Paka miraba ya sentimita mbili kwenye karatasi ileile utakayotumia, iandike namba, iache ikauke, ndipo uchague.

Kupaka

Zima feni. Alkoholi hukauka kwa sekunde, na rangi huchanganyika kingo zikiwa bado mbichi. Upepo ukizikausha utapata michirizi kama ya fagio uani.

Tuchukue uso wa sentimita 3, wa mtu mweusi, mwanga ukitoka juu kushoto. Paka E25 uso mzima kwa ncha ya brashi, kwa viduara vinavyogusana, ukiishia nusu milimita kabla ya mstari; wino utajisogeza wenyewe. Paji la uso upande wa kushoto, mgongo wa pua na juu ya shavu la kushoto vibaki na mkono huo mmoja tu. Hapo ndipo ngozi itakapong'aa.

Bila kusubiri, shika E27. Weka ncha pale kivuli kinapoanzia, yaani chini ya nywele, ubavuni mwa pua, chini ya mdomo na kwenye shavu la kulia, kisha vuta haraka kuelekea kwenye mwanga huku ukiinua mkono, ili mchirizi uanze mnene na uishe kama unywele. Rudi na E25 juu ya ncha za michirizi hiyo. Halafu E29, eneo dogo zaidi: shingoni chini ya kidevu, ndani ya sikio, kwenye mizizi ya nywele. Mpaka wake ulainishe kwa E27, si E25. Ukiruka hatua, wino mwepesi utausukuma ule mzito na kuacha pete.

Usihukumu mapema. Rangi mbichi huonekana nzito kuliko itakavyokuwa ikikauka. Ukitaka kina zaidi ya E29, safari nyingine tanguliza zambarau iliyopauka kama BV23 mahali pa kivuli, ikauke, ndipo upake kahawia juu yake. Shavu lipewe mguso wa kahawia nyekundu, E09 kwa mfano. Pinki juu ya ngozi nyeusi inamezwa tu.

Yakiharibika

Rangi ikitoka nje ya mstari, karatasi imeshiba wino. Acha ikauke, kisha isukume irudi ndani kwa maka isiyo na rangi, ile yenye namba 0. Haifuti, inasukuma, kwa hiyo anzia nje. Madoa ya mawingu maana yake ulipaka sehemu mbichi na kavu kwa pamoja: mkono mmoja zaidi wa rangi nyepesi kuliko zote, kwa haraka, huyasawazisha. Maka inayokwaruza imeisha wino. Copic hujazwa tena. Nyingi za bei nafuu hutupwa. Zote zilazwe, zisisimamishwe, ili ncha zote mbili zipate wino.

Viganja na mikono

Kiganja cha mtu mweusi hakina rangi ya mgongo wa mkono. Kipake E11, na E13 kwenye mistari, hata kama uso ni E27. Kwa kadi ya bibi harusi wa pwani, hina na piko huchorwa mwisho, rangi ikiwa imekauka angalau saa moja, kwa kalamu ya ncha nyembamba. Mgongo wa mkono ukiwa E27, hina itapotea, kwa hiyo mgeuze mkono aonyeshe kiganja. Nukta ya kalamu nyeupe ya jeli machoni nayo isubiri hadi mwisho. Ikiguswa na maka baadaye, inachafuka na kuziba ncha.