Kibofu chenye haraka: namna ya kupanga unywaji wako

Nimetoka kumsaidia mama muuza vitenge ambaye kutwa nzima hanywi kitu kwa kukwepa choo cha sokoni, akirudi nyumbani jioni anafidia. Kubana maji hivyo hakusaidii: mkojo ukikolea unaweza kukikera kibofu, nacho kikazidi kukuharakisha.

1. Pima mkojo na sukari kwanza. UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na kisukari navyo hukupeleka chooni kila mara. Ukiona damu, muone daktari kabla ya yote.

2. Andika daftari la kibofu kwa siku 3. Hapa ndipo wengi wanakwama. Mimi nataka daftari na kalamu, si programu ya simu, maana simu huisha chaji na usiku wa manane hakuna anayeifungua. Nunua jagi la plastiki lenye alama za mililita, liwe la chooni tu. Halafu pima kikombe chako cha chai: kijaze maji, yamimine kwenye chombo cha jikoni chenye vipimo. Usikisie! Vikombe vya nyumba moja hupishana sana. Andika saa, ulichokunywa na ulichokojoa, mchana na usiku. Uji, supu, maziwa na madafu vyote vinahesabiwa. Weka nyota ulipobanwa ghafla au mkojo ulipokuponyoka. Siku za kufunga ziache, na usibadilishe unywaji bado. Tunataka kuona maisha yako yalivyo.

3. Jumlisha. Kwa wengi lita 1.5 hadi 2 kwa siku zinatosha. Jua kali, kazi nzito, ujauzito na kunyonyesha hudai zaidi. Ukizidisha, punguza kama robo. Ukipungukiwa, ongeza kidogokidogo, ukigawa asubuhi hadi jioni, mpaka mkojo uwe wa njano hafifu.

4. Punguza kafeini: chai ya majani, kahawa, kola. Toa kikombe kimoja kila baada ya siku chache, kwani kuacha ghafla huumiza kichwa. Mchaichai ni mbadala ninaoupenda.

5. Acha kunywa zikibaki saa 2 au 3 kabla ya kulala.

6. Ukibanwa, usikimbie. Kaa, kaza misuli ya sakafu ya nyonga (ile unayoibana kuzuia mkojo) harakaharaka mara kadhaa, haja itulie, ndipo uende taratibu.

Mwenye ugonjwa wa moyo au figo asibadilishe kiasi cha maji bila daktari wake. Na kama unameza vidonge vya presha vinavyokojoza, muulize uvimeze saa ngapi, usiviache.