Kufunga na kurekebisha pedeli za gemu ya mbio za magari

Kabla ya kugusa programu ya pedeli kwenye kompyuta, malizana na sakafu. Nyumba nyingi huku kwetu Ngamiani, Tanga, ni saruji laini au vigae. Ukikanyaga breki kwa nguvu, pedeli zote zinakukimbia hadi ukutani. Mimi nimezifunga kwa boliti kwenye ubao wa mninga, kisha ubao nikauunganisha na miguu ya kiti. Kiti cha magurudumu sahau.

Breki ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo, kisigino kimetulia chini. Wengine huvaa soksi. Kwa joto la Tanga mimi ni peku tu.

Breki ndiyo yenye kazi. Kwenye Logitech G29, seti ya usukani na pedeli, ndani ya breki kuna kipande cha mpira kinachoifanya iwe ngumu. Wapo wanaokitoa, mimi nimekiacha. Pedeli hizi hupima umbali mguu ulioshuka. Zile za lodiseli (kihisi cha mgandamizo) hupima nguvu ya mguu, kwa hiyo asilimia 100 ya breki iwe nguvu unayoweza kuirudia kila kona, siyo ile ya hasira.

Sasa fungua programu, kanyaga kila pedeli hadi mwisho, tazama mistari ya kwenye skrini inayopanda na kushuka na kila pedeli. Wa breki ukipanda bila kuguswa, ongeza eneo mfu (sehemu ya mwanzo ya pedeli ambayo gemu haiihesabu) kwa asilimia 2 au 3, basi. Ukirukaruka, potenshometa, yaani kihisi kinachopima mwendo wa pedeli, imeingia uchafu, na hewa ya chumvi haitusaidii. Chomoa waya, fungua, pulizia spirei ya kusafishia vifaa vya umeme, ichezeshe pedeli, iache ikauke kabisa ndipo uchomeke.