Kabla ya Dripu ya Kwanza ya Imunotherapia

Pembrolizumab, dawa ya imunotherapia (tiba ya kuamsha kinga ya mwili), haiui seli ya saratani yenyewe. Kazi yake iko kwenye seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazokagua mwili na kuua seli zilizoharibika. Seli T ina breki, protini iitwayo PD-1, inayoizuia isishambulie mwili wenyewe. Uvimbe mwingi hujivika protini nyingine, PD-L1, na kuikanyaga breki hiyo. Dawa huifunika PD-1, PD-L1 ikakosa pa kukanyaga.

Ila uvimbe una njia nyingine za kujificha. Jeni ya B2M ikiharibika, seli zake huacha kuonyesha vipande vya protini zake kwa nje, na seli T hupita bila kutambua kitu. Mwingine haujaingiwa na seli T kabisa, basi hakuna breki ya kuachilia. Kwa hiyo pima kwanza, lipa baadaye. Hakikisha maabara inatunza kipande cha biopsi (nyama ya uvimbe iliyokatwa kwa vipimo) kilichohifadhiwa ndani ya nta. Saratani ya mapafu ya aina isiyo ya seli ndogo hupimwa PD-L1: ikifika asilimia 50 ya seli za saratani, na jeni za EGFR na ALK hazijabadilika, dawa inaweza kutolewa bila kemo. Ya utumbo mpana hupimwa MMR, mfumo wa seli wa kurekebisha makosa ya DNA. MMR ikiwa sawa, dawa hii peke yake husaidia kwa nadra sana.

Dozi ya mtu mzima ni mg 200 kila wiki 3, au mg 400 kila wiki 6, kwa dripu ya dakika 30. Kichupa kina mg 100, hivyo uliza bei kwa kichupa. Ukitumwa kuinunua nje ya hospitali, foleni ya magari ya Thika Road hapa Nairobi ni ndefu: beba kwenye kibaridi, nyuzi 2 hadi 8, kichupa kisiguse barafu wala kutikiswa.

Kabla ya kuanza, pima tezi ya shingo (TSH na T4), ini, figo, sukari, VVU na hepatitisi B. VVU pekee si sababu ya kunyimwa dawa. Anayemeza prednisolone (dawa ya steroidi inayotuliza kinga) zaidi ya mg 10 kwa siku amwambie daktari mapema.

Hapa Nairobi kosa kubwa huanzia duka la dawa. Mgonjwa anahara, anaambiwa ni amiba au taifodi, anapewa metronidazole. Kumbe huenda seli T zinashambulia utumbo. Akienda choo mara 4 au zaidi kupita kawaida yake, mpigie daktari wa saratani siku hiyohiyo. Tiba huwa prednisolone, mg 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikipunguzwa taratibu kwa wiki 4 hadi 6. Ukiikata ghafla, kuhara huweza kurudi. Kikohozi kipya na kukosa pumzi navyo ni dharura, hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mgonjwa atembee na kadi yenye jina la dawa na tarehe ya dripu, maana daktari wa zamu usiku huenda asiulize.