Asubuhi ya baridi, themomita na kilima: jaribio la kuuona mwili ukijirekebisha

Nafundisha baiolojia hapa Mbeya. Kila mwaka wanafunzi hunikariria maana ya homeostasisi, yaani mwili kulinda hali yake ya ndani isiyumbe, neno kwa neno, lakini ukiwauliza kwa nini vidole vinakufa ganzi mstarini mwezi wa sita, kimya. Siku hizi naanza na jaribio.

Tafuta themomita, saa yenye mshale wa sekunde, mwenzako mmoja na kilima. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au ujauzito abaki kuandika namba.

Hatua ya 1: ukiwa ndani, umetulia. Weka themomita chini ya ulimi, funga mdomo. Wengi hupata kati ya nyuzi 36 na 37.5. Usiwe umekunywa cha moto kwa nusu saa. Kijana mmoja alinisomea 39 hana hata mafua, kumbe ametoka kumalizia chai. Kisha hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Pumzi ahesabu mwenzako bila kukuambia, maana ukijua unahesabiwa unaanza kupumua kwa maringo.

Hatua ya 2: toka nje bila sweta, dakika kumi. Hapa ndipo penye utamu. Vinyweleo vinasimama, vidole vinapoa, meno yanagongana. Pima tena chini ya ulimi: namba haijasogea sana. Haipothalamasi, kisehemu kidogo upande wa chini wa ubongo, imepata habari kutoka kwenye ngozi, ikaamuru mishipa midogo ya ngozini ibane ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Misuli nayo inatetemeka kuzalisha joto. Vidole vimetolewa kafara. Halafu mkojo unakubana, kwa sababu damu iliyorudi katikati inafanya mwili uone maji yamezidi, na figo zinayapunguza. Ndiyo maana mgeni kutoka Dar haachi kuulizia choo.

Anayetetemeka sana mwingize ndani mapema. Akiacha kutetemeka huku bado wa baridi na ulimi unakuwa mzito, hilo si jaribio tena: mfunike blanketi, mpeleke hospitali.

Hatua ya 3: vaa, panda. Sisi hufuata njia ya kwenda Loleza, lakini mwinuko wowote unafaa. Nenda haraka dakika kumi, simama, pima mapigo na pumzi papo hapo, kisha kila dakika hadi ya tano. Utadhani unahema kwa kukosa oksijeni. Kinachokusukuma zaidi ni kabonidayoksaidi inayojaa na kuongeza asidi kwenye damu. Ukiitoa kwa kuhema, pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake, inabaki kati ya 7.35 na 7.45, na pumzi inatulia yenyewe.

Hatua ya 4: kunywa nusu lita ya maji, linganisha rangi ya mkojo kabla na saa moja baadaye. Hii haihitaji maelezo.

Sasa chora namba zote kwenye grafu moja. Mstari wa mapigo unapaa na kuporomoka, wa pumzi vilevile, wa joto umelala. Nawauliza darasa: umelala kwa sababu hakuna kilichotokea? Wakishabishana vya kutosha, ndipo naandika neno homeostasisi ubaoni.