Kabla hujaacha somo katikati ya muhula, piga hesabu

Kwa anayesoma chuo Marekani kwa msaada wa fedha wa serikali kuu: somo ulilojitoa katikati ya muhula haligusi wastani wako wa alama, lakini linahesabika kuwa ulilijaribu. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Ili uendelee kupata msaada huo, vyuo vingi hutaka uwe umefaulu takriban asilimia 67 ya krediti (vizio vya kupimia uzito wa somo) zote ulizojaribu tangu uanze. Muhula wa kwanza ukichukua krediti 15 ukaacha 6, umebaki na asilimia 60, hata kama hizo 9 umepata A tupu. Wastani wa C nao unatakiwa, ila huo kila mtu anaukumbuka. Kama uliyumbishwa na ugonjwa au msiba, ukashuka chini ya kiwango hicho, kata rufaa chuoni mapema ili usinyimwe msaada. Ambatisha cheti cha daktari au cha kifo, na ueleze wazi nini kimebadilika sasa.