Mtandao wa vihisi vya hewa mjini: kazi kubwa iko hatua ya 3

Nimetoka kumsaidia rafiki kufunga vihisi vya PM2.5, yaani vumbi laini linalopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Miongozo mingi huishia namba zinapotokea kwenye skrini. Namba hizo bado si za kuaminika.

1. Vifaa. Kihisi cha vumbi cha leza, PMS5003 au SPS30; ESP32, bodi ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi; na BME280, kihisi cha kupima unyevu. Vile vihisi rahisi visivyo na feni achana navyo. Hewa ikitulia, vinapima hewa ile ile.

2. Waya na programu. PMS5003 hula volti 5, ila data yake hutoka kwa volti 3.3, hivyo iunganishe na ESP32 moja kwa moja. Kila ujumbe una baiti 32. Mbili za mwisho ni jumla ya zilizotangulia. Isipolingana, tupa ujumbe wote. Acha feni izunguke sekunde 30 kabla ya kusoma. Tuma usomaji kwenye seva kwa MQTT, njia nyepesi ya vifaa kutumiana ujumbe mtandaoni.

3. Viweke vyote pamoja kwanza. Kihisi cha leza hakipimi uzito wa vumbi. Kinalimulika, kisha kinakadiria uzito kwa mwanga unaotawanyika. Unyevu ukizidi, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kihisi kinaripoti uchafu kupita uliopo. Tazama grafu ya alfajiri yenye ukungu: mstari wa vumbi unapanda bega kwa bega na ule wa unyevu.

Kwa hiyo omba ruhusa uvifunge vyote kando ya kituo rasmi cha kupima hewa, kwa wiki kadhaa, na urudie majira yakibadilika. Kwanza vilinganishe vyenyewe kwa vyenyewe. Kinachojitenga na wenzake kikague feni. Mara nyingi ni utando wa buibui.

Kisha linganisha wastani wa kila saa na wa kituo. Hapa ndipo tulipoteza muda mwingi: mistari ilifanana umbo lakini haikukutana. Kumbe kituo kiliandika muda wa mwisho wa saa, sisi tukaandika wa mwanzo. Weka kila kitu kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na uulize kituo kinahesabuje saa.

Tena, PMS5003 hutoa safu mbili za PM2.5, zinazoachana hewa ikichafuka sana. Chagua moja, usichanganye kamwe. Wala usinakili mlinganyo wa kurekebisha usomaji uliotengenezwa Marekani kwa vihisi vya kampuni ya PurpleAir, hata kama ndani yake mna PMS hiyo hiyo. Vumbi la huko si la kwako. Kokotoa wako, na unyevu uwemo.

4. Kufunga. Mdomo wa kihisi usielekee juu, na kihisi kiwe mbali na moshi wa jiko.

5. Kuhifadhi. Tunza namba ghafi daima. Marekebisho yafanyike kwenye seva, ili mlinganyo ukiboreshwa uweze kurudia hesabu za nyuma. Viwango vya PM2.5 vya WHO (Shirika la Afya Duniani) vya 2021, mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24 na 5 kwa mwaka, ni vya wastani. Usivitumie kuwatisha majirani kwa usomaji wa dakika moja.